Ndago za bustani tunazinunua kwa fedha zetu

Ukimwuliza mkulima wa Chalinze anauza nini, atakutajia mananasi ya Kiwangwa, mahindi, ufuta, mihogo na ng'ombe. Hatakutajia majani ya bustani. Bwana shamba naye ukimwuliza habari za majani hayo huenda akacheka, maana kwake majani ni kitu cha kupaliliwa, si cha kupandwa.

Hata hivyo majani yananunuliwa kila siku. Tazama ujenzi unavyokwenda kuanzia Kibaha, Mlandizi na Vigwaza hadi njia panda ya Chalinze, na ule wa barabara ya lami ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo hadi Msata. Nyumba za kuishi, nyumba za wageni, vituo vya mafuta, shule za bweni na kumbi za harusi, vyote vinataka kipande cha kijani mbele yake. Wanaotafuta majani huyapata kwenye vitalu vya maua vilivyo kando ya barabara jijini Dar es Salaam, au kwa vijana wanaoyang'oa popote wanapoyakuta, wakayashindilia kwenye viroba na kuyapakia kwenye kirikuu.

Hoja yangu leo ni hii: magugu mengi yanayozisumbua bustani zetu za majani hayaletwi na upepo. Tunayanunua, tunayalipia usafiri, kisha tunamlipa fundi bustani atupandie. Kwa hiyo dawa yake haiko kwanza kwenye duka la pembejeo, iko kwa yule anayeuza majani. Na kwa mkulima wa Chalinze mwenye robo ekari na maji ya uhakika, hapo ndipo penye biashara ambayo bado haijapata mwenyewe.

Gugu linavyoingia uani

Njia ya kwanza ni udongo. Mwenye nyumba aliyemaliza kujenga ana uwanja uliojaa kokoto na mabaki ya saruji. Fundi anamshauri alete tipa moja au mbili za udongo mweusi. Udongo huo huchotwa mabondeni, na bonde lenye unyevu ndiyo makazi ndago inayoyapenda kuliko yote. Mwenye nyumba anafurahia weusi wa udongo, anamwagilia, na baada ya wiki mbili tatu ua wake umejaa ncha za kijani zilizochongoka. Watu hudhani ni majani yameshika. Kumbe ni ndago.

Njia ya pili ni samadi. Chalinze kuna wafugaji wengi, na samadi ya zizini haina bei kubwa. Ng'ombe anapokula malisho anameza mbegu za magugu, na baadhi ya mbegu hizo hupita tumboni zikiwa hai. Samadi mbichi ikimwagwa bustanini inaleta mchicha pori na magugu mengine ya malishoni. Samadi inatakiwa irundikwe, iloweshwe na kugeuzwa mara kadhaa mpaka ipate joto kali katikati, nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa. Asiye na kipimajoto achomeke fimbo ya chuma katikati ya rundo, aiache kwa muda, kisha aichomoe na kuishika. Ikiwa anaweza kuendelea kuishika bila shida, rundo bado.

Njia ya tatu, na ndiyo mbaya kuliko zote, ni majani yenyewe. Kijana anang'oa majani kwa jembe pamoja na bonge la udongo, kwa sababu udongo unayafanya yasinyauke njiani na pia unajaza kiroba. Ndani ya bonge hilo mna viazi vya ndago ambavyo mnunuzi hawezi kuviona.

Nilimwuliza mmoja wa vijana hao: "Haya yametoka wapi, mdogo wangu?" Akasema, "Bondeni huko, kaka." Nikamwuliza kama yana ndago. "Hayana, kaka. Ukiona moja moja wewe ng'oa tu."

Huo ushauri wa kung'oa tu ndio umeziua bustani nyingi. Ndago si nyasi, ingawa kwa mbali inafanana nazo. Ukilishika shina lake kati ya vidole viwili na kulizungusha utahisi pembe tatu, wakati shina la nyasi ni la duara au bapa. Chini ya ardhi ina mnyororo wa viazi vidogo vyeusi vinavyonukia, vilivyounganishwa kwa uzi mwembamba. Vingi vimo katika sentimita 15 za juu, palepale jembe la mkono linapofika. Ukivuta jani, uzi unakatika na kiazi kinabaki. Viazi vilivyokuwa vimelala kwenye mnyororo huo vinaamka, kila kimoja kinatoa chipukizi lake. Ulipokuwa na mche mmoja sasa unayo mitatu au minne. Kulima nako ni kuvikatakata na kuvisambaza.

Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, LeRoy Holm, na wenzake walipochapisha kitabu kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani, ndago ndiyo waliyoiweka namba moja. Hata karatasi nyeusi ya plastiki inayotandazwa shambani kuzuia magugu, ncha ya ndago huitoboa na kutokea juu.

Lakini gugu hili lina udhaifu wa aina mbili, na mkulima anayetaka kuuza majani lazima aujue. Haliwezi kivuli kizito, na viazi vyake hufa vikianikwa juani mpaka vikauke kabisa. Nitarudi kwenye mambo hayo mawili.

Soko lenyewe linaumwa

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alisema muuzaji anajua kama gari lake ni zima au bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anakataa kulipa bei ya gari zima. Mwenye gari zima akiona bei ni ndogo analiondoa sokoni, na yanayobaki yanazidi kuwa mabovu. Kwa kazi hiyo na nyingine Akerlof alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001.

Soko la majani ya bustani la Dar es Salaam na Pwani liko hivyo hivyo. Majani yenye viazi vya ndago na yasiyo navyo yanaonekana sawa siku ya kununua. Mnunuzi anachagua ya bei rahisi, na aliyehangaika kusafisha shamba lake anakosa sababu ya kuendelea kuhangaika.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, msomaji aweke za kwake. Tuseme ua una mita za mraba 200. Majani ya kuokoteza yanauzwa sh. 2,500 kwa mita ya mraba, na majani safi sh. 4,500. Ya kwanza yatagharimu sh. 500,000, ya pili sh. 900,000. Tofauti ni sh. 400,000, na mtu yeyote aliyetoka kumaliza kupaua nyumba atachagua ya kwanza.

Sasa tuseme ua wenye ndago unahitaji vibarua wawili kwa siku mbili kila mwezi, na kila mmoja analipwa sh. 10,000 kwa siku. Hiyo ni sh. 40,000 kwa mwezi. Katika mwezi wa kumi ile tofauti ya sh. 400,000 imekwisha, na ndago bado ipo. Mwaka wa pili atalipa sh. 480,000 nyingine.

Kwa upande wa mkulima hesabu ni kali zaidi. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Ukitoa njia za kupita, na mistari inayoachwa ili majani yajirudie, utauza kama mita 700 kwa mkato mmoja. Ikiwa umetumia sh. 1,800,000 kusafisha shamba, kumwagilia, kuweka mbolea na kulipa vibarua mpaka mkato wa kwanza, kwa bei ya sh. 4,500 unarudisha fedha yako ukishauza mita 400. Kwa bei ya sh. 2,500 unatakiwa uuze mita 720, na wewe unazo 700. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba walio wengi wanaona afadhali kwenda bondeni na jembe.

Na bondeni huko kuna tatizo jingine ambalo wauza majani hawalizungumzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Majani yanayoshika kingo za mito inayomwaga maji Ruvu na Wami ndiyo yanayozuia udongo usiondoke na mafuriko ya masika. Anayeyabandua anauza kingo za mto kwa kiroba, na mkulima wa mpunga aliye chini yake ndiye anayepokea mchanga.

Akerlof hakuishia kusema soko linaharibika. Alionyesha pia kwamba muuzaji anayejua bidhaa yake ni nzima anaweza kumpa mnunuzi dhamana. Wauza simu wanafanya hivyo, wauza betri za gari wanafanya hivyo. Muuza majani anaweza kuandika kwenye risiti: ndago ikiota ndani ya siku 45 tangu kupanda, nitakuja kuishughulikia kwa gharama yangu. Kiazi kikipata maji na joto la pwani, kwa kawaida chipukizi lake huonekana ndani ya wiki mbili au tatu, kwa hiyo siku 45 zinatosha kuonyesha nani alisema kweli. Anayeuza ya bondeni hawezi kuandika sentensi hiyo. Atakayeiandika wa kwanza atakuwa ametenganisha bidhaa yake na nyingine zote kwa gharama ya wino.

Mfano tunao karibu. Wapo wakulima wa mihogo nchini ambao biashara yao si muhogo wa kula bali pingili za kupanda, zilizokaguliwa na Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, kwa sababu batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya pingili. Muhogo ulipatiwa utaratibu huo kwa kuwa ni chakula. Sidai majani ya bustani yapewe uzito sawa na chakula. Nasema tu kwamba mkaguzi anayekwenda kwenye kitalu kukagua miche ya miembe na michungwa hapotezi kitu akigeuza shingo kuyatazama na majani yaliyorundikwa pembeni.

Kusafisha shamba kabla ya kupanda

Anayetaka kuingia katika kazi hii asianze na majani, aanze na maji. Bustani ya majani katika joto letu inahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki wakati wa kiangazi, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Kwa robo ekari ni lita 25,000 kila wiki. Ukitegemea boza la lita 10,000 unahitaji maboza mawili na nusu kwa wiki, na hapo biashara imekufa kabla haijazaliwa. Kutumia maji ya bomba yaliyosafishwa kwa ajili ya kunywa, katika mji ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa shida ya maji, sikuungi mkono hata kama bili unaimudu. Kinachofaa ni lambo, kisima, au pampu yenye kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Visima vya ukanda huu mara nyingi huwa na chumvi. Hapo uchaguzi wa aina ya majani unakuwa wa kifedha. Paspalamu inavumilia maji ya chumvi kuliko majani mengi ya bustani, na inawafaa wateja wa hoteli za ufukweni Bagamoyo. Ukoka wa kawaida unapenda jua kali, unavumilia ukame na kukanyagwa, unafaa viwanja vya mpira na shule, lakini chini ya mwembe unakonda na kufa. Yale yenye jani pana tunayoyaita majani ya Pemba huvumilia kivuli na upepo wa bahari. Kumuuzia mtu ukoka apande chini ya miti ni kumuuzia magugu ya mwezi ujao, kwa sababu majani yakikonda wazi linabaki, na gugu haliachi wazi.

Baada ya maji, shamba lisafishwe kabla ya kupanda. Hapa ndipo udhaifu wa ndago unapotumika. Lima wakati wa kiangazi, geuza udongo, acha viazi vianikwe na jua, rudia baada ya wiki mbili au tatu. Msimu wa mvua unaofuata usipande majani. Panda kunde au viazi vitamu kwa nafasi ndogo ili vifunike ardhi yote. Ndago itanyimwa mwanga na wewe utapata chakula au fedha.

Ukishavuna, mwagilia shamba tupu na uache ndago zilizobaki zichipue. Zikiwa na majani ya kutosha na kabla hazijatoa maua, piga dawa yenye glaifoseti. Dawa hiyo huingia kwa jani la kijani na kushuka mpaka kwenye kiazi, kwa hiyo ukiipiga kwenye jani lililonyauka kwa kiu, au ukafyeka siku ya pili, umeimwaga bure. Subiri wiki tatu, mwagilia tena, tazama. Mara nyingi itahitajika raundi ya pili na hata ya tatu, kwa kuwa kiazi kilicholala hakipokei dawa. Pembezoni acha ukanda wa mita moja usiopandwa kitu, uwe mweupe wakati wote.

Mbegu ya kwanza ya majani iwe ya vipandikizi, si mabonge. Ng'oa, kung'uta udongo wote, osha kwenye beseni, pandikiza. Viazi vya ndago vinabaki kwenye tope la beseni, nalo likaushwe juani, lisimwagwe shambani. Mita moja ya mraba ya ukoka uliochambuliwa inaweza kupandikizwa mita kumi. Ukoka ukipata maji na mbolea kidogo hufunika ardhi katika miezi miwili mpaka mitatu. Wateja wasio na haraka wauzie hivyo hivyo, vipandikizi vilivyooshwa na kufungwa kwenye salfeti lenye unyevu. Ni vyepesi, na nauli yake kutoka Chalinze hadi Dar es Salaam, kama kilomita 100, ni ndogo kuliko ya mabonge.

Dawa za dukani

Katika maduka ya pembejeo nimeona watu wakiomba "dawa ya magugu ya bustani" na kupewa chochote kilichopo rafuni. Glaifoseti inaua kila jani la kijani, yakiwemo majani uliyoyanunua. Atrazini iliyobaki kwenye shamba la mahindi si ya kumwaga juu ya ukoka unaoendelea kukua, inaudhuru. Dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana kama mchunga, kishona nguo na mbigili bila kuua ukoka, lakini kwa ndago haifui dafu, na majani ya jamii ya yale ya Pemba yanaweza kuungua nayo hasa wakati wa joto kali. Pia mvuke na matone yake huchukuliwa na upepo. Jirani mwenye nyanya, matikiti au mipapai ataona majani yake yamejikunja kama yaliyopitiwa na moto, na hatajua yamepatwa na nini.

Kwa ndago iliyokwisha kuingia ndani ya majani kuna kiambata kiitwacho halosulfuroni, kilichotengenezwa kushughulika na jamii ya ndago bila kuua nyasi. Ni cha gharama, kinafanya kazi polepole na kinataka kurudiwa. Uliza kwanza kama bidhaa unayouziwa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za iliyokuwa TPRI. Kifungashio kisicho na lebo inayosomeka kirudishe. Na bomba la kupulizia viuagugu liwe la viuagugu tu, lisitumike kesho yake kupiga dawa ya ukungu kwenye nyanya.

Si kila doa ni ugonjwa

Magonjwa yapo, na masika ya Machi hadi Mei ndiyo msimu wake. Ukungu wa jamii ya Rhizoktonia hutoa mabaka ya mviringo ya rangi ya kahawia yanayopanuka, hasa pale ambapo mbolea ya urea imezidi na maji hayatoki. Kuna ukungu wa madoa madogo ya majani unaowakumba ukoka waliokondeshwa kwa njaa ya mbolea. Kuna uyoga unaoota kwa duara palipozikwa visiki na mbao za ujenzi, nao dawa yake ni kufukua mbao hizo.

Lakini katika bustani nyingi nilizoitwa kutazama, sababu ilikuwa ni mtu na si kuvu. Anamwagilia saa moja jioni, majani yanalala na maji usiku kucha. Anamwagilia kidogo kidogo kila siku, mizizi inabaki juu juu. Amwagilie alfajiri, kwa wingi, mara mbili au tatu kwa wiki. Halafu anaacha majani yarefuke mwezi mzima na siku ya sikukuu anayakata mpaka chini kwa kisu butu. Jani linachanika badala ya kukatika, na kidonda hicho ndicho mlango wa ukungu. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na noa kisu.

Kabla ya kununua dawa ya ukungu, shika majani ya pembeni mwa baka na uyavute juu. Yakinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa na mabuu ndani ya udongo. Yakiwa yamekatwa katwa na kuna vinyesi vidogo vya kijani, pekua jioni utawakuta viwavijeshi. Kiwavijeshi vamizi aliyethibitishwa nchini mwaka 2017 hali mahindi tu. Ukiona udongo mkavu umejengwa juu ya jani, ni mchwa. Dawa ya ukungu haiwagusi wote hao, na fedha yako imekwenda.

Fundi anayezunguka na mashine moja nyumba kumi kwa wiki naye anabeba mbegu na ukungu kutoka ua mmoja kwenda mwingine chini ya mashine hiyo. Ndoo ya maji na brashi kabla ya kuingia getini haimgharimu kitu. Mwenye nyumba ana haki ya kumdai.

Anayekuja nyuma yetu

Wapo wanaosema fursa kubwa ni viwanja vya mpira, hasa baada ya CHAN ya Agosti 2025 iliyofunguliwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na AFCON ya 2027 ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa Septemba 2023. Mimi simshauri mkulima mdogo aanzie huko. Kiwanja cha mashindano kina wataalamu wake, mchanga wake, mifereji yake na zabuni zake. Soko la mkulima wa Bwilingu au Lugoba ni ua wa mita 200, uwanja wa shule ya chekechea, na nyumba ya wageni yenye vyumba kumi.

Soko hilo nalo halitatusubiri. Nyasi bandia za plastiki zinauzwa Dar es Salaam kwa mita, hazina ndago na hazimwagiliwi. Zinachoma miguu saa saba mchana na hazinywi maji ya mvua kama udongo, lakini mtu aliyepalilia ndago miaka miwili hajali hayo. Wengine wamechoka wakasakafia ua mzima kwa vitofali vya saruji, na maji ya masika yote yanaelekea kwa jirani. Kila anayefanya hivyo ni mteja aliyeuziwa majani machafu mara moja na hatarudi tena. Vijana na kina mama wenye vikundi, wanaofikiria mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, wangeweza kuliweka shamba la majani safi kwenye orodha yao badala ya kila kikundi kuomba bodaboda.

Kwa anayenunua sasa hivi, kabla shamba la namna hiyo halijapatikana, kuna kipimo kisicho na gharama. Omba bonge moja la majani na konzi kadhaa za ule udongo mweusi unaotaka kuletewa. Weka kila kimoja kwenye beseni kuukuu lililotobolewa chini, weka juani, mwagilia kila siku kwa wiki tatu. Ikichomoza ncha yenye shina la pembe tatu, mwambie muuzaji abaki na mzigo wake. Isipochomoza, patana bei, mwandikishe dhamana kwenye risiti na upakie.